Skuta yako haitaki kelele, inataka kurudishiwa nguvu zake

Kuna imani moja mtaani ambayo inafaa tuizike mwaka huu: kwamba pikipiki yenye kelele nyingi ndiyo yenye nguvu nyingi. Kaa kando ya barabara ya Kangundo hapa Mowlem jioni yoyote na utaisikia hiyo imani ikipita. Skuta ndogo, ekzosi imekatwa, dereva ameinama mbele utadhani yuko mashindanoni. Halafu Boxer iliyobeba abiria na gunia la sukuma inampita polepole, hata haipigi honi.

Simcheki huyo msee. Ninajua alichotaka. Alitaka skuta iwake, mfukoni hakuwa na kitu cha maana, na mtu akamwambia njia ya mkato ni kukata bomba. Nitakachosema hapa kitawaudhi baadhi ya marafiki zangu wa gereji, lakini acha niseme: kama bajeti yako ni ndogo, shilingi yako ya kwanza isinunue nguvu mpya. Irudishe nguvu iliyopotea. Ya pili iende kwenye breki. Silinda kubwa ije mwisho kabisa, na wengi wetu hatutaihitaji.

Ninazungumzia zile injini za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli. Nairobi si nyingi tena. Nduthi karibu zote unazoziona stejini, Boxer na TVS, ni za mipigo minne. Lakini bado zipo: skuta ya 50cc ambayo mjomba aliiacha nyuma ya nyumba, Vespa ya mzee iliyofunikwa turubai, Suzuki A100, Yamaha AG100 iliyowahi kumbeba afisa wa kilimo. Ukifika Zanzibar, Vespa ni sehemu ya mji kama milango ya nakshi. Kwa kijana asiye na hela ya nduthi mpya, mashine kama hiyo ya kurithi ndiyo mwanzo. Ndiyo maana inaniuma kuona ikiuawa na ushauri mbaya.

Injini inayopumua kupitia tumbo

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana, kwa hivyo sitakupa mhadhara. Nitakueleza kama fundi anavyoeleza akiwa na spana mkononi.

Injini ya Boxer huwaka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Ya mipigo miwili huwaka kila mzunguko. Ndiyo maana kijiskuta cha 50cc kinaweza kuruka kwenye taa kuliko unavyotarajia. Haina valvu za juu. Ina matundu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Petroli na hewa huingia kwanza chini, kwenye chumba cha krenki, husukumwa kutoka huko hadi juu, huwaka, kisha moshi hutokea tundu la ekzosi. Oili husafiri ndani ya petroli, ikilainisha beringi na pistoni njiani, halafu huungua.

Kutokana na hapo, mambo matatu hufuata. La kwanza, kwa kuwa mchanganyiko hupitia tumboni mwa injini, sili ya krenki ikilegea, injini huvuta hewa isiyotakiwa, mchanganyiko hupungukiwa petroli, na joto hupanda hadi pistoni inashika. Mtaani tunasema imenoki. La pili, kwa kuwa oili huungua, masizi hujaa kwenye tundu la ekzosi na ndani ya bomba, kidogo kidogo, hadi injini inakosa pumzi. La tatu, ambalo wengi hawaliamini, ekzosi ni sehemu ya injini. Si bomba la kutupia moshi tu.

Mjerumani aliyekuwa na bajeti ndogo kuliko yako

Hilo la tatu lina historia tamu. Miaka ya 1950, katika mji wa Zschopau, Ujerumani Mashariki, kulikuwa na mhandisi aliyeitwa Walter Kaaden katika kiwanda cha MZ. Nchi yake ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu. Wapinzani wake wa Italia, na baadaye Japani, walikuwa na pesa. Yeye alikuwa na injini ndogo za mipigo miwili ambazo watu wengi waliziona kama za kukatia nyasi.

Alichofanya ni kusoma mawimbi ya moshi. Injini inapotoa moshi, wimbi la shinikizo hukimbia ndani ya bomba. Bomba likipanuka, wimbi hurudi likivuta uchafu utoke. Bomba likibanwa tena mwishoni, wimbi lingine hurudi likisukuma ndani petroli iliyotaka kutoroka kabla haijawaka. Umbo la bomba peke yake likawa linafanya kazi ambayo wengine walihitaji valvu na vyuma vingi kuifanya. Kufikia mwaka 1961, injini yake ya 125cc ilikuwa ikitoa takriban nguvu farasi 25. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitorokea upande wa Magharibi, akapeleka ujuzi huo Suzuki. Mwaka uliofuata, 1962, Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa 50cc, Degner akiwa juu ya skuli hiyo ya chuma.

Sasa rudi Mowlem. Lile bomba lililovimba katikati chini ya skuta yako, ambalo jamaa anataka kulikata kwa grainda ili litoe mlio, ni mtoto wa hesabu za Kaaden. Ukilikata, wimbi halirudi. Petroli uliyonunua inatoka mbichi hewani. Mlio unapanda, nguvu inashuka, na unywaji wa mafuta unazidi. Umelipa fundi akupunguzie injini. Juu ya hayo, Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, na mtoto wa jirani wa miezi mitatu hana haja ya kujua kwamba umefika nyumbani saa sita usiku.

Nairobi yenyewe inakuibia

Kitu kingine ambacho si mafundi wote watakutajia: mji wetu uko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Injini ikivuta pumzi, inapata hewa kidogo kuliko aliyoipangia mtengenezaji, lakini kabureta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba tuko ufuoni. Matokeo ni skuta inayokohoa, plagi nyeusi yenye majimaji, moshi mwingi na mwendo mzito.

Dawa yake ni kijipande cha shaba kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho: jeti kuu ya kabureta. Unashuka namba kidogo, kwa mfano kutoka 80 hadi 76 au karibu hapo, hatua moja kwa wakati, ukiangalia rangi ya plagi kila mara. Bei yake haifiki hata karibu na ya silinda, na kwa skuta nyingi zilizosetiwa kwa ajili ya usawa wa bahari, utahisi tofauti siku hiyohiyo. Ila kumbuka: ukiipeleka skuta hiyo Mombasa, rudisha jeti ya zamani. Hewa nzito ya pwani na jeti ndogo ya Nairobi zikikutana, mchanganyiko hupungukiwa petroli na pistoni inaweza kuyeyuka katikati.

Gawa hela yako mafungu kumi

Bei za spea hubadilika kila wiki, na Kirinyaga Road bei hutegemea pia sura uliyoingia nayo. Kwa hivyo sitaandika bei. Chochote ulicho nacho, iwe ngiri tano au kumi na tano, kigawe mafungu kumi.

Mafungu mawili ya kwanza ni ya pumzi na moto: plagi mpya ya namba sahihi, kabureta ifunguliwe na kuoshwa, kichujio cha hewa kisafishwe au kibadilishwe, jeti isetiwe kwa hewa ya Nairobi. Hapa weka pia oili halali ya 2T. Kama skuta yako ni ya kuchanganya kwa mkono na kitabu chake kinasema 50 kwa 1, hiyo ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, si kwa kifuniko cha chupa. Kama ina tangi lake la oili na pampu, hakikisha pampu inafanya kazi kabla ya kuiamini. Usitie oili ya Boxer iliyomwagwa, hata kama ni ya bure.

Mafungu mawili yanayofuata ni ya kuziba: sili za krenki pande zote mbili, gasketi, na vile vilimi vyembamba vinavyoruhusu mchanganyiko uingie bila kurudi nyuma. Kilimi kikipasuka, skuta hukataa kuwaka asubuhi na watu husingizia betri.

Fungu la tano ni la masizi. Silinda hedi ifunguliwe, masizi yakwanguliwe kwa mti au kipande cha plastiki juu ya pistoni na kwenye tundu la ekzosi, bila kukwaruza chuma. Bomba lichomwe ndani hadi masizi yageuke jivu, mahali pa wazi, mbali na petroli na mbali na nguo za watu zilizoanikwa. Hapa unalipia jasho la fundi zaidi kuliko spea.

Mafungu matatu, ndiyo, matatu, ni ya breki na tairi. Nitarudi hapo.

Fungu la tisa ni la skuta zisizo na gia: mkanda na zile rola ndogo za variata. Rola zikilika upande mmoja, skuta hupoteza kuondoka na hata mwendo wa juu. Ukitia mpya zilizo nyepesi kidogo, nusu gramu au gramu moja kila moja, injini hupanda haraka hadi pale penye nguvu zake. Hutaongeza sana spidi ya mwisho, lakini kutoka kwenye taa za Outering utakuwa mtu mwingine.

Fungu la kumi weka mfukoni. Injini ya zamani ikifunguliwa, haikosi kukuonyesha kitu ambacho hukukitarajia.

Kofia ngumu haimo kwenye hesabu hii kwa sababu ninaamini unayo. Kama huna, acha kusoma ukainunue kwanza.

Hesabu ambazo hazidanganyi

Kuna wanaosema "piga rebo, itaongeza nguvu." Tuhesabu pamoja. Skuta nyingi za 50cc zina silinda ya kipenyo cha milimita 40, na pistoni husafiri milimita 39 na ushei. Fundi wa leti akipanua silinda kwa nusu milimita na kukutilia pistoni kubwa kidogo, ukubwa wa injini unapanda kwa asilimia 2.5 tu. Ile 49.3cc inakuwa 50.5cc. Ukihisi mabadiliko makubwa baada ya rebo, na utayahisi, hayatokani na ukubwa. Yanatokana na kwamba pistoni sasa imekaa vizuri, ringi zinaziba, kompresheni imerudi. Umerudishiwa chako. Rebo ni kazi nzuri silinda ikiwa imelika. Kama haijalika, unakwangua chuma kizima ambacho ungekihitaji miaka miwili ijayo.

Kisha kuna kit ya 70, silinda ya kipenyo cha milimita 47 ambayo watu huagiza kutoka nje. Hiyo ni hesabu nyingine: karibu 68cc, nyongeza ya asilimia 38. Hapo nguvu inaongezeka kweli, sikatai. Lakini joto linaongezeka pia, beringi zilezile za krenki zinabeba mzigo mkubwa, na jeti lazima ipande au injini inajipika. Kuna kijana katika ploti yetu aliifunga kit kama hiyo, akabakisha jeti ya zamani na sili za zamani kwa sababu hela ziliishia kwenye silinda. Wiki ya tatu pistoni ilishika. Sasa ana silinda mpya iliyokwaruzwa, mkopo wa simu unaomtumia ujumbe kila asubuhi, na anatembea kwa miguu hadi kazini.

Usisahau pia kwamba logibuku yako inaandika ukubwa wa injini. Ukibadilisha ukubwa na usibadilishe karatasi, umempa askari wa trafiki na kampuni ya bima swali ambalo huna jibu lake siku ya ajali.

Sasa breki

Skuta za 50cc zilitengenezwa kwa mwendo mdogo. Sheria ya Japani inaziruhusu kilomita 30 kwa saa, na ya Ulaya 45. Ndiyo maana watengenezaji huweka vizuizi, kama ile ringi ndogo ndani ya variata au mbano kwenye ekzosi, na ndiyo maana kuviondoa ni "apugredi" ambayo fundi anaweza kukufanyia kwa bei ya soda na mkate.

Lakini fikiria. Nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza haipandi sawa na spidi. Inapanda kwa mraba wake. Kutoka 45 hadi 65 unaona umeongeza ishirini tu. Breki zako zinaona mzigo mara mbili. Na breki zenyewe ni zile za ngoma, ndogo kama kibati cha samli, zilizopangiwa spidi ile ya kwanza. Ongeza mchanga wa barabarani, ongeza matatu inayosimama popote abiria anapoinua mkono, ongeza mvua ya Aprili, na tairi lililobaki laini kama kipara cha mwalimu wetu wa hesabu.

Hapa ndipo ninapokosana na wenzangu. Wanasema breki ni za wazee. Mimi nasema nenda wadi ya mifupa ya hospitali yoyote kubwa ya mji huu siku ya kutazama wagonjwa, uhesabu vijana wa rika letu waliofungwa vyuma miguuni. Si wote walikuwa na makosa. Lakini mguu uliovunjika unakula kodi ya nyumba, unakula akiba ya mathe, na mara nyingi unakula hata hiyo pikipiki, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza familia inachouza ili kulipa bili. Mafungu matatu kati ya kumi si mengi ukiyaweka kando ya hayo.

"Si uiuze tu, ununue ya umeme?"

Swali zuri, na si la kubeza. Pikipiki za umeme zinaongezeka Nairobi, na vituo vya kubadilisha betri pia. Hazitoi moshi, hazihitaji plagi wala jeti. Injini ya mipigo miwili, hata ikiwa fiti, hutoa petroli isiyoungua na moshi wa oili, na huo moshi tunaupumua sisi tulioko nyuma kwenye jam. Kama una uwezo wa kuhama, hama. Na kama matengenezo ya skuta yako yatagharimu karibu bei ya kununua nyingine nzima, iuze kwa spea bila machozi.

Lakini wengi hatuko hapo. Tuko kwenye hali ya "hiki ndicho nilicho nacho, nitakifanyaje kinifikishe kazini." Na skuta iliyozibwa sili, iliyosetiwa jeti na inayopewa oili kwa kipimo inatoa moshi mdogo kuliko ileile ilivyokuwa jana. Mfuko wako na mapafu ya jirani yako, kwa mara moja, vinataka kitu kimoja.

Faida nyingine ni kwamba tunaishi mahali pazuri kwa kazi hii. Kutoka Mowlem hadi Kariobangi Light Industries si mbali, na pale kuna mikono inayojua chuma kuliko vitabu vingi. Tatizo huwa si fundi, ni agizo. Ukimwambia "nataka iwake," atakupa kelele, kwa sababu ndicho ulichoomba. Mwambie badala yake: "Nataka tujue inapoteza nguvu wapi." Omba upewe kila spea ya zamani iliyotolewa. Omba kompresheni ipimwe kabla na baada. Kaa hapo aking'oa, uliza majina ya vitu, shika tochi. Utalipa pesa zilezile na utarudi nyumbani na ujuzi ambao hakuna wa kukuibia.

Anza Jumamosi hii kabla hujatoa hata shilingi. Endesha skuta dakika kumi, izime, iache ipoe kidogo, ng'oa plagi uangalie rangi ya ncha yake. Ikiwa nyeusi na ina majimaji, petroli au oili imezidi, anza na kabureta. Ikiwa kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea majani, injini yako iko sawa, hela zote ziende kwenye breki, tairi na mkanda. Ikiwa nyeupe kama chokaa, usiiwashe tena hadi sili na jeti ziangaliwe, kwa sababu hiyo iko njiani kunoki.